Mtaro Ni wa Nani?

Majuzi nilikuwa kwenye dirisha la ofisi ya mji hapa Nakuru, nikingoja leseni ya duka, mama mmoja alipoingia na gunia lililolowa. Alilifungua mbele ya karani. Lilikuwa na viazi alivyoleta kutoka Dundori, vyote matope matupu. Maji yalikuwa yameingia kwenye kibanda chake sokoni.

"Mvua ni ya Mungu, mama," karani alisema bila kuinua kichwa.

"Na mtaro ni wa nani?"

Injinia wa maji, Mhindi mwembamba mwenye miwani, alitokea chumba cha nyuma. "Ni wangu," alisema. "Twende unionyeshe."

Niliacha laini nikawafuata. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Pale sokoni injinia alivua viatu, akashuka mtaroni, akapapasa mdomo wa bomba linalopita chini ya barabara. Aliinuka ameloa mpaka kifuani.

"Mama, nimekosa," alisema. "Nilipima mvua ya mjini, nikasahau maji yanayoshuka kutoka Bahati. Bomba ni dogo."

Kesho yake vibarua waliichimbua barabara ili waweke bomba kubwa. Mkubwa mmoja alisimamisha gari lake, akafoka kwamba amefungiwa njia. Injinia alimjibu akiwa shimoni: "Wewe unaweza kuzunguka, bwana. Maji hayawezi."

Jana imenyesha tena, na mama huyo ameuza viazi vyake pakavu. Katika ofisi zetu nimezoea kusikia kosa ni la mvua, au la yule afisa aliyehamishwa. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba anayepewa meza huko hukatazwa kusema "nimekosa."