Aliyemuua Joka

Jirani wa mwandishi mmoja wa hadithi, mama wa mtoto mchanga, amezoea kumsikia akigombana peke yake jikoni. Mwandishi husugua sufuria huku akinguruma kwa sauti ya joka, mara akitoa kasauti ka malkia wa mawinguni, na maneno yakimkalia vizuri hufuta mikono kwenye gauni na kuyaandika haraka kwenye simu. Vitabu vyake huvichapisha mwenyewe, na kila nakala huinusa kwanza kabla ya kuifunga, kama anayenusa utosi wa mwanawe. Wanunuzi ni wale wale: shemeji, wifi, jirani. "Nyie mnanionea huruma tu," huwaambia. "Natamani anisome mtu asiyenijua hata kwa sura."

Leo asubuhi mwanamke mgeni kabisa alipiga hodi, kitabu mkononi, macho mekundu. "Dada, ni wewe uliyemuua yule joka? Nimekutafuta mtaa mzima! Alikukosea nini, maskini? Nimelia mpaka mume wangu akadhani nimefiwa!"

Mwandishi alimkumbatia mgeni wake kwa nguvu pale pale mlangoni. "Jirani!" aliita, sauti ikimpasuka kwa kicheko. "Njoo na mtoto! Njoo usikie ninavyogombezwa!"