Mlima Hautaki Mafuta Mengi

Fundi pikipiki huyu watu walimwita Plagi: mwembamba, mfupi wa maneno, na ukimgusa vibaya anatoa cheche. Gereji yake ilikuwa chumba kimoja, sakafu nyeusi kwa oili ya miaka kumi na tisa, na ukutani kila spana ilikuwa imechorewa umbo lake ili ikipotea ijulikane. Wateja walisema hafungui injini, anaisikiliza. Alisimama kando yake kichwa kimeinama, kisha akasema, "Vali imelegea." Ikifunguliwa, kweli ni vali.

Sikio hilo ndilo lililomponza.

Mdogo wake alikuwa askari wa wanyamapori. Miaka mitatu nyuma alihamishiwa kituo cha juu mlimani, kuhesabu pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, na kutegua mitego, akaleta pikipiki yake gerejini. "Kaka, nipe nguvu. Kule ni kupanda tu, tambarare utaiota."

Plagi akawaza kama anavyowaza fundi yeyote wa bondeni: mlima unataka nguvu, na nguvu ni mafuta. Akafungua kabureta, akatoa kile kisumari cha shaba chenye tundu la kupitisha mafuta, akaweka kingine chenye tundu kubwa zaidi. Akaiwasha, akasikiliza. Ilinguruma kama simba aliyeshiba. Mdogo mtu akacheka, akampiga kaka yake begani, akaondoka.

Wiki mbili baadaye, baada ya doria yake ya kwanza ya mbali, alikutwa amekufa kwa baridi chini ya majabali, mbali na pale alipoiacha pikipiki. Tangi lilikuwa kavu. Katika taarifa ya kituo kulikuwa na sentensi ambayo mama yao alisomewa mara moja tu, ikamganda: *Marehemu hakujaza mafuta ya kutosha.*

Tangu hapo, majirani walipomsifu mwanawe, mama aliitikia, "Alikuwa mtoto mwema. Msahaulifu tu." Kisha aliinama kuokota chini kitu ambacho hakikuwepo. Msiba wenyewe alikuwa ameuvumilia. Mwenye mtoto wa pili, na wajukuu, huvumilia. Kilichomla ni kwamba mwanawe alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

Plagi naye aliamini hivyo, hadi mwezi uliopita, alipokuja mteja kutoka nyanda za juu. Plagi aliipima pikipiki yake, akataka kumwongezea mafuta. Yule mtu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nyie mafundi wa bondeni mtatuua! Kule juu hewa ni nyembamba, bwana. Unapunguza mafuta, huongezi. Ukiongeza, injini inakosa pumzi, inatoa moshi mweusi, na tangi la siku nzima linakwisha kabla ya saa sita."

Plagi aliweka spana chini. Alifunga gereji mchana kweupe, akaenda kwa mama yake na neno likiwa limeshafika ulimini. Alimkuta kitandani akikunja nguo. Kabla hajafungua mdomo, mama alisema, "Nataka kupaona pale mwanangu alipolala. Magoti haya hayana mwaka mwingine. Nipeleke."

"Sawa, mama," akasema. Lile neno likarudi lilikotoka.

Waliondoka alfajiri. Alipomvalisha kofia ngumu, mama aliigonga kwa kidole. "Umenivika sufuria. Unanipeleka kupikwa?"

"Shika kiuno, mama."

"Kiuno kipi? Huna kiuno, una mfupa."

Barabara ilipita mashamba, ikaingia msituni, ikaanza kujipinda. Mbega waliruka juu yao, mikia myeupe ikining'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Baada ya mianzi miti ilikwisha, na mbele yakafunguka majani ya rangi ya majivu, mabonde yaliyojaa ukungu, na vilele ambavyo jua lilivigusa bila kuvipasha joto. Pikipiki ikaanza kukohoa.

Plagi alijua ingekohoa. Alisimama, akatoa mfukoni kisumari kidogo cha shaba alichokifunga kwenye kitambaa, akafungua kabureta. Mikono yake, ambayo ingeifanya kazi hiyo gizani, iliangusha skrubu mara mbili. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, akimtazama.

"Imeharibika?"

"Hapana. Huku hewa ni nyembamba. Inabidi kuipunguzia mafuta, la sivyo inayanywa yote."

Upepo ulipita. Pimbi mmoja alichungulia kati ya mawe, akajificha.

"Inayanywa yote," mama alirudia. Alijua ni nani aliyeitengeneza pikipiki ya mwanawe mdogo. "Umelijua lini hilo?"

Angeweza kusema mafundi wote wanalijua. Angeweza kusema ni la zamani. Alikaza skrubu ya mwisho, akafuta mikono.

"Mwezi uliopita, mama."

Mama aliivaa kofia mwenyewe, akapanda, akashika chuma cha nyuma ya kiti badala ya mwanawe.

Kituoni walipokewa na askari aliyefanya kazi na marehemu, mtu wa makamo mwenye bunduki begani. Akamwamkia mama kwa heshima, akawaambia pikipiki haiendi mbele zaidi na nyati wapo, hivyo wamfuate na wasipige kelele. Walitembea saa nzima, taratibu, mama akipumzika kila baada ya hatua ishirini na kukataa kushikwa mkono. Upande wa pili wa bonde kundi la pofu lilisimama, vichwa juu, likawasindikiza kwa macho.

Majabali yalikuwa meusi, yamelowa. Askari alivua kofia.

"Ni hapa, mama. Alijitahidi sana. Alikuwa kijana mzuri, tulimpenda. Ila lile la mafuta..." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Tunawaambia kila siku hawa vijana."

Mama alimgeukia Plagi, akamtazama usoni, akangoja. Hakukuwa na hasira katika macho yale, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Alijaza," Plagi alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Afande, alijaza tangi. Mimi ndiye niliyemharibia kabureta. Nilimwongezea mafuta nikidhani nampa nguvu. Yalikwisha njiani kwa sababu yangu, si kwa kusahau."

Askari alimtazama yeye, kisha mama, kisha bunduki yake mwenyewe, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. "Ah," alisema. "Hukujua, ndugu yangu."

"Sikujua. Lakini yeye alijaza."

Mama alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya jiwe na kukiacha hapo kwa muda mrefu. Aliongea na mwanawe kwa sauti ya chini. Plagi alisikia neno moja tu, "nisamehe", na lilikuwa la mdogo wake, si lake.

Aliposimama, alimwambia askari, "Ile karatasi yenu ipo?"

"Ipo ofisini, mama. Lakini siwezi kuifuta. Naweza kuongeza ukurasa tu."

"Basi ongeza."

Ofisini, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi, Plagi aliandika kwa mkono wake mistari sita, akatia sahihi. Mama alimtaka aisome kwa sauti. Aliisoma. Askari akaitoboa, akaifunga kwenye faili.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka. Plagi aliwasha pikipiki, akangoja mama apande, asithubutu kugeuka.

"Mama, nisamehe."

Mama alipanda, akangoja injini ipate joto.

"Kesho uje nyumbani uniambie tena lote, tangu mwanzo, nikiwa nimekaa chini," alisema. "Leo nimelisikia kwa masikio tu. Haya, twende, endesha."