Kinyongo cha Papa na Kengele ya Jette

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya tisini, nguo zangu zilinuka moshi wa tanuri, na nilikwenda nazo shule kwa maringo. Watoto wangapi pale Saint-Josse, mtaa wetu wa Brussels, walikuwa na kiwanda cha kusubu shaba uani kwao? Babu alikianzisha alipokuja kutoka Lubumbashi, Kongo. Alipofariki, kikabaki kwa Bibi na wanawe: baba yangu, niliyemwita Papa, na mdogo wake, ami yangu Tonton Albert.

Bibi alikuwa na sharti moja. Kabla ya kumimina shaba kwenye kalibu ya udongo, kila mtu ataje kinyongo chake, asukutue maji, ateme. Mwenye kuficha, shaba itamkataa.

Basi parokia moja ya Jette, mtaa mwingine wa Brussels, ikatuagiza kengele. Tulikuwa tumezoea kusubu vitasa na bomba. Watu walisema Wakongo hawaiwezi kengele. Tukiiharibu, maneno yao yangekuwa kweli.

Siku ya kumimina, Papa alishika bilauri. “Bon, mi sina na neno,” akasema, akatema. Uongo mtupu. Wiki nzima hakusemeshana na Tonton, aliyetaka kengele iandikwe jina la Babu, Kasongo. Papa alitaka lake.

Kengele ikatoka na vitundu kama mkate. Papa aliigonga, ikalia kama sufuria. Niliona aibu mpaka nikajificha nyuma ya rundo la makaa.

Bibi hakugomba. Alijaza tena bilauri. “Sema, mutoto wangu.”

Papa aliipokea. “Nimechoka kuitwa mutoto wa fundi. Na mimi ni fundi.”

“Yaya, donc njo maana hukuniuliza kama kalibu imekauka,” Tonton akamwambia kaka yake.

“Hukuikausha?”

“Nilizani ni weye.”

Kalibu mbichi! Unyevu wake ulikuwa umegeuka mvuke na kuitoboa shaba. Kila mmoja alimwachia mwenzake, kisa hawasemeshani. Sasa ninavyoijua kazi, siliiti tena ushirikina sharti la Bibi.

Walitengeneza kalibu mpya, wakaikausha siku tatu, pamoja. Papa mwenyewe akachora ndani yake: Kasongo et fils, Kasongo na wanawe wa kiume. Jumapili moja tulisimama Jette kuisikiliza kengele mpya ikilia, safi kabisa, na Papa akalia bila kujificha.

Leo naendesha kiwanda mimi. Siku ya kengele yangu ya kwanza, Papa, mzee sasa, alinipa bilauri. Nikasema kinyongo changu: yale maneno ya “na wanawe wa kiume”, tunayochora kwenye kila kengele, hayajawahi kunihesabu. Nikasukutua maji, nikatema. Papa akaenda kwenye kalibu. Mbele ya maneno yale akaongeza: et fille, na binti.