Usaha Ambao Haukuandikwa

Saa mbili asubuhi, feni inazunguka kwa kusuasua katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali, na Mama Mafaili ameshavaa miwani. Anafungua faili la mama aliyejifungua kwa upasuaji, analisoma, kisha anaguna.

"Haya sasa! Karudi na homa, kachomwa sindano, mshono umefunguliwa ukasafishwa. Kwa nini? Kimya."

Kazi yake ni kugeuza maandishi ya madaktari kuwa misimbo ya kompyuta, ambayo kwayo hospitali hujua wagonjwa wake wanaugua nini. "Wengi wanadhani nafuta vumbi tu humu," anasema, akicheka kidogo.

Angeweza kuweka msimbo wa homa, akanywa chai yake. Lakini hata akihisi kidonda kimeingia vijidudu, haruhusiwi kuandika asichoandika daktari, wala kumtia maneno mdomoni. Anaruhusiwa kuuliza tu: homa ilisababishwa na nini?

Mwezi uliopita swali hilo lilimkosesha raha. Faili alilokuwa nalo lilikuwa la tatu la namna hiyo kutoka chumba kimoja cha upasuaji, na mdogo wake wa tumbo moja alikuwa amepangiwa kutolewa uvimbe wa kizazi humohumo.

"Nikajiuliza," anakumbuka. "Yote matatu yakibaki homa, nani atajua mle ndani kuna tatizo?"

Akamfuata daktari wa upasuaji wodini, akampa swali lake. Daktari alilisoma, akavuta kiti, akakaa.

"Dada, kidonda kilitunga usaha. Nilikiona kwa macho yangu. Nilikuwa hoi siku ile, nikaandika homa basi." Akasahihisha, akatia saini na tarehe ya siku hiyo. Kisha akaomba aletewe na yale mengine mawili.

Misimbo ilipobadilika, wakubwa walishtuka. Chumba kikafungwa, na mtambo wa kuchemshia vifaa ukakutwa haufikishi joto la kuua vijidudu. Upasuaji wa mdogo wake ukaahirishwa.

"Alininunia huyo, we acha tu! Akaniambia, 'Dada, mimi naumwa, halafu wewe ndiye unanifungia mlango?' Tunalala chumba kimoja, kila akigeuka namsikia anavyougulia. Iliniuma sana."

Sasa mtambo mwingine umewekwa na kupimwa, na mdogo wake anaingia Jumatatu. Wamepatana, ingawa bado anamtania dada yake kwamba safari hii aache kushika kalamu mpaka atoke salama.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, faili lake litatua kwenye meza hii hii. "Naomba Mungu lije jembamba," anasema Mama Mafaili.

Na likija na usaha?

Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la kitenge, anakawia kuivaa tena.

"Nitauandika. Daktari asipousema, nitamfuata nimuulize. Nitalia, lakini nitauandika. Nyuma yake kwenye foleni kuna mdogo wa mtu mwingine."