Risasi Moja Ahamia Bega la Kushoto

Mume wangu watu humwita Risasi Moja, na sifa hizo zilishampanda kichwani. Kazi yake ni kuwinda nguruwe pori wanaoharibu mashamba, kwa bunduki ya serikali. Pikipiki ilipomwangusha na kumvunja bega la kulia, daktari alisema bega hilo halitastahimili tena teke la bunduki. Afisa wanyamapori naye akaahidi kuja Ijumaa kumpima: akishindwa kulenga, bunduki inarudi ofisini. "Sasa bila bunduki mimi ni nani?" akaniuliza.

Basi akahamia bega la kushoto. Kutwa yuko koridoni na bunduki tupu, analenga swichi ya taa mwisho wa ukuta. Mguu wa kulia mbele, shavu kwenye kitako, kidole kinapapasa kama cha mtoto anayejifunza kuandika. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Baba watoto, nguruwe atakusubiri umalize kujipanga?"

"Hebu niondokee hapa," akasema, naye anacheka.

Alhamisi asubuhi mkono ulishazoea, ila mtutu bado ulielekea pembeni ya swichi. Kosa nililiona mimi, mke wa mwindaji: bega limehama, jicho halijahama. Alikuwa anafumba la kushoto, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Fumba la kulia," nikamwambia.

Akafumba. Kisha akasema taratibu, "Usizime taa, bwana."

Sikuwa nimegusa kitu. Taa ilikuwa inawaka, na jua limejaa mlangoni.

Siku hiyohiyo daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na jicho la kushoto lilikufa zamani. Porini alilifumba, nyumbani la kulia likalibebea kazi, asijue. Na mimi nisijue, mimi ninayejua hata soksi zake zilikotoboka.

"La kulia nalo limeanza," daktari akaongeza. "Dawa italizuia lisiendelee. Lililopotea halirudi."

Ijumaa afisa alipopiga hodi, bunduki ilikuwa mezani, imepakwa mafuta.

"Ichukue," mume wangu akasema.

Afisa akadhani ni utani, akanigeukia. Nikamsogezea bunduki.

Alipoondoka nayo, mume wangu akaniita dirishani. Nikadhani anataka dawa yake. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga.

"Simama hapo kidogo," akasema. "Nikuone vizuri."

Nikasimama.