Mbwa Asiyekunywa Mkononi Mwangu

Majina yao wote ninayo. La yule mkubwa, la dereva, la fundi wa mbao, hata la mbwa mwenyewe. Shule niliacha darasa la tatu, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Humu siyaandiki tu. Watu hao wana watoto na wajukuu, na wengine tunakutana maziko tunasalimiana vizuri.

Bwana yangu alikuwa askari wa mbwa. Tulitoka kaskazini, tukakaa kambi ya polisi hapa Kampala, chumba kimoja na pazia katikati. Mbwa wake alikuwa wa kufuata wezi, mgongo mweusi, kifua kama cha ndama. Akisimama kwa miguu ya nyuma alimzidi bwana yangu kimo. Serikali ilimpa nyama. Sukari ilipotea madukani, chumvi ikapotea, sisi tukawa watu wa mukene tu, vile vidagaa vya Ggaba, lakini mbwa bado alikula ng'ombe. Watoto wangu walikaa karibu na sufuria yake wakinusa.

Sasa mbwa wa polisi alifundishwa kitu kimoja ambacho watu wa nje hawakijui. Asipokee chakula wala maji kwa mtu yeyote isipokuwa askari wake, kwa sababu wezi walikuwa wanawatupia nyama yenye sumu. Na ili ajifunze kukataa, lazima awepo mtu wa kumpa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Jioni bwana yangu ananiita, "Mama, lete." Nanyoosha mkono na kipande cha nyama, au bakuli la maji. Mbwa akisogeza pua, anakemewa na mnyororo unavutwa. Tukaenda hivyo mpaka ikawa nikinyoosha mkono tu anageuza uso pembeni, kama mtu mwenye adabu aliyeona jambo la aibu. Jirani yangu alikuwa anapiga makofi. "Dada, hata mbwa amekataa mapishi yako!" Na mimi nilicheka naye.

Basi, siku moja akaja mkubwa wa jeshi na gari lake. Alimwona mbwa uwanjani akampenda. Alikuwa na nyumba mpya kwao, mbali, ng'ambo ya Naili, akataka mbwa wa kulinda. Bwana yangu akasema, "Afande, huyu ana namba ya serikali. Hata mimi nimeazimwa tu." Hakusema kwa ukali. Lakini miaka ile ya utawala wa wanajeshi maneno kama hayo yalitosha. Walimweka mahabusu pale pale kambini, na asubuhi yake mimi nikaitwa.

Mkubwa alikuwa amekaa juu ya boneti anakunywa soda. Akaniambia, "Mama, hii mbwa wewe utapeleka kwangu. Ikifika mzima, bwana yako nafungua. Ikifika maiti, usirudi kuuliza."

Nikapiga magoti. "Afande, mtume bwana yangu mwenyewe. Mimi mbwa hanywi mkononi mwangu."

"Nikituma yeye atavuka mpaka aende Kongo. Wewe una watoto hapa, utarudi." Akawageukia askari wake. "Sikieni! Mwanamke anashindwa kunywesha mbwa!" Wakacheka wote, na waliokuwa wakijua ukweli wakacheka zaidi, maana walikuwa na hofu.

Niliruhusiwa kwenda dirishani kwa bwana yangu. Askari wa zamu alitupa mgongo, Mungu ambariki. Bwana yangu aliongea haraka haraka. "Usikubali wamfunge shingo kwenye lori. Ataruka pembeni, atajinyonga. Tengeneza sanduku, aweze kusimama na kugeuka, lakini lisimwachie nafasi ya kurushwa. Hewa pande zote. Liwekwe mbele, nyuma ya dereva, lifungwe kamba. Jioni kabla ya safari asile, atatapika. Asubuhi mtembeze mpaka achoke. Juu ya sanduku weka magunia yenye maji."

"Na maji ya kunywa?"

Akaniangalia, nami nikamwangalia. Tulikuwa tunaona kitu kimoja, mkono wangu ule wa jioni. Mwishoni akasema, "Labda kiu itamzidi." Lakini alisema akiangalia chini.

Fundi wa mbao nilimpata mtaani Nakivubo. Zamani alikuwa wa vitanda na makabati, siku zile kazi yake kubwa ilikuwa majeneza. Aliponiona akaondoa kofia, akaniita bibi kwa Kiganda chake. "Nyabo, pole. Marehemu alikuwa mrefu?"

"Si marehemu. Ni mbwa. Yuko pale nje."

Akachungulia, akarudi nyuma. "Mpime wewe mwenyewe, nyabo. Mimi bado nina watoto wadogo." Nikampima kwa kamba, kuanzia pua mpaka mkia, kuanzia chini mpaka masikio. Fundi akawa anapigilia mbao huku anajisemea, "Leo nashona gauni la bibi harusi. Sanduku lenye madirisha! Kuna watu wangu wamezikwa bila..." Akakata maneno, akaangalia mlangoni, akaendelea na nyundo.

Tukaondoka alfajiri kwa lori. Dereva alikuwa mzee Mnubi wa Bombo, mnene, mtu wa maneno, mara moja akanibatiza Mama Mbwa. Mimi nilikataa kukaa mbele, nikapanda nyuma kando ya sanduku. Kwenye vizuizi vya barabarani askari walikuja na bunduki. "Ndani kuna nini?" Dereva akajibu, "Mbwa ya mkubwa," na wakatupisha mara moja. Mmoja hata akainama kuangalia kama mbwa yuko salama. Abiria wa basi waliokuwa wamekalishwa chini majanini walitutazama tukipita.

Mpaka Karuma alikuwa sawa. Baada ya daraja la pale jua likawa kali, na lami mbele ikageuka vumbi. Alihema ulimi nje, kisha ulimi ukaanza kubadilika rangi, ukawa kama ini. Niligonga paa la dereva asimame kwenye kivuli.

Nikaweka maji katika bakuli lake mwenyewe. Akageuza uso. Nikachota kwa kiganja. Akageuza uso. Nilikuwa nimechukua shati la bwana yangu la kazi, halijafuliwa, nikalivaa juu ya gauni, nikasema kwa sauti nzito maneno yake yale, "Haya, yako." Mbwa akasimama! Akanusa mkono wa shati, akalia kidogo, mkia ukapiga mbao. Halafu akaanza kutazama nyuma yangu. Alikuwa anamtafuta mwenyewe. Hakumwona, akalala tena.

Dereva akajaribu. "Kunywa, bwana mkubwa, tafadhali. Nakuomba kama ndugu." Mbwa hakumwangalia hata. Dereva akakaa chini kwenye vumbi, utani ukamwisha. "Ikikufa hii, Mama Mbwa, mimi pia nimekwisha. Watasema nimewekea sumu."

Sikuwa na la kufanya. Nilichukua debe nikaanza kumwagia tu, juu ya magunia, juu ya mgongo, juu ya miguu, huku nalia. Nikaona anakunja mguu wa mbele, anaulamba. Anajisafisha. Maji yale hayakuwa zawadi ya mtu, yalikuwa mwilini mwake, halali yake. Nikamwagia tena, akalamba tena. Dereva akakimbia kutafuta maji mengine. Ndivyo tulivyokwenda mpaka Pakwach na kuvuka Naili mara ya pili, mimi namwaga, yeye anajilamba miguu, hanipi macho.

Tukafika, mbwa mzima. Mkubwa alikuwa amerudi kwao kwa ndege, alitusubiri getini. Akatupa pande la nyama mbele ya mbwa. Mbwa akageuza uso. Nikasema, "Afande, hatakula mpaka bwana yangu aje. Amefundishwa hivyo."

Nilidhani atakasirika. Kumbe alifurahi mno. "Hii ndiyo mbwa!" akawaambia watu wake. "Haiwezi kununuliwa." Akanigeukia. "Nenda, mama. Leo hii napiga simu ya upepo, waniletee bwana yako."

Njia yote ya kurudi nilikaa mbele na dereva, tukaimba. Nilikuwa napanga nguo zipi nimpelekee huko.

Mahabusu palikuwa pamefagiwa. Askari wa zamu, yule yule, akasema, "Amechukuliwa. Gari limekuja."

"La kumpeleka kwa mbwa?"

"Mama, gari ni gari. Mimi nilifungua tu mlango."

Nikajiambia ni lile. Ofisini waliniambia subiri. Nikasubiri. Jirani aliniletea unga, akanitania kwamba bwana yangu sasa anakula nyama na mbwa wa matajiri, na mimi nikacheka.

Kisha dereva akapita kambini kutoka huko. Hakuniita Mama Mbwa. Alishika kofia mikononi akasema mbwa alilala getini akiangalia barabara, wakamtupia nyama ya mbuzi, wakamwekea maziwa, wakamwagia maji akalamba kidogo kisha hata hayo akaacha. Wamemzika nyuma ya nyumba.

Sikumwuliza kuhusu bwana yangu. Angefika pale, mbwa angekula.

Ofisini waliendelea kuniambia subiri, mwaka hata mwaka. Mimi nilikuwa nimekwisha jua, na sikuwa na mtu wa kumwambia nimejuaje. Siku moja napita Nakivubo na watoto, yule fundi akaniita kutoka ndani ya maranda yake. "Nyabo! Bibi harusi wetu alifika salama?"

"Alifika," nikamwambia.

"Sanduku halikulegea?"

"Halikulegea, ssebo. Ulifanya vizuri."