Maili Zilizokatwa kwa Mkasi

Baba yangu, Sadrudin, alikuwa mtu wa vitambaa. Hata umpe barua ya serikali, kwanza ataishika kwa vidole viwili kuona kama ni nzito. Duka letu lilikuwa hapa Kisumu, kwenye njia ya kushukia bandarini, na vita vilipokwisha aliongeza rafu moja ya ramani za ziwa, maana wazungu wa klabu ya mashua za tanga walikuwa wakiziulizia. Watu walimcheka. Yeye hakujali. Alizipenda ramani zile kuliko alivyowahi kupenda hariri.

Ukija kununua, hakukuuliza unakwenda wapi. Alikuuliza, "Utalala wapi?" Kwake yeye, ramani ya ziwa zima ilikuwa pambo la ukutani. Msafiri anataka ile inayoonyesha sehemu ndogo kwa ukubwa, yenye kina cha maji na kila mwamba, hasa pale atakapotia nanga. Ukishikilia kutaka ile nzuri ya rangi, atakunja uso na kukuambia imekwisha, na huku inaning'inia nyuma yako.

Karatasi na maji havipatani, kwa hiyo kila ramani aliibandika kwanza juu ya kitambaa cha marekani kwa gundi ya unga. Kisha alichukua mkasi akazikata pembe zote nne za karatasi na kingo zake, kwa sababu muuza vitambaa hawezi kuvumilia ukingo uliokwenda upande. Ramani ilitoka safi kama kitambaa cha meza. Wazungu walisifu. Na kwa kuwa wengi wao hawakwenda mbali zaidi ya pale ambapo bado waliiona baa ya klabu, hakuna aliyegundua kilichokosekana.

Mvua ndefu za mwaka 1951 zilibomoa daraja upande wa Yala. Wiki hiyo hiyo tukaletewa habari kwamba Nanima, mama yake mama yangu, amezidiwa na homa huko Usenge, alikoendelea kuishi na duka lake dogo baada ya kufiwa na mumewe. Anamwita Khairunissa, wakasema. Khairunissa ndiye mama yangu. Barabara ilikuwa imekatika pale darajani, na stima ilikuwa imeshapita. Mama alifunga nguo, akaenda mwenyewe bandarini kumtafuta Walter Ouma, aliyekuwa baharia wa stima kabla ya kununua mashua yake ya tanga.

Basi Baba, aliyewachagulia watu ramani kwa kufumba na kufumbua, akashindwa kumchagulia mkewe. Nilimwona amezitandaza zote sakafuni, amepiga magoti, anatoa hii, anarudisha ile. Mwishowe akachukua moja ya ghuba yetu, kutoka Kisumu hadi mdomoni, iliyojaa vidoa vya miamba. Akachukua na koti lake.

"Na wewe unakwenda wapi?" Mama akamuuliza.

"Nakwenda na ramani yangu."

Wakaniachia duka.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, wakalala Asembo. Asubuhi Walter akaikunjua ramani. Kwetu upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka. Ilikuwa lazima waizunguke rasi ya Uyoma kabla haujageuka, la sivyo wangesukumwa nyuma na kupoteza siku nzima, na Mama hakuwa na siku ya kupoteza. Walter akaigeuza ramani huku na huku.

"Bwana Sadru, hii ramani maili yake iko wapi?"

"Maili gani?"

"Vipimo huwa inakaa hapa kando. Sasa mimi nitapima na nini, na mkono?"

Mama alielewa kabla ya Baba. "Umezikata maili!" akasema. "Mama yangu yuko kufani, na wewe umekata maili kama pindo la shuka!"

Mama aliniambia hakuwahi kumwona Baba amenywea vile. Kisha Baba akauvua utepe wa kupimia aliouvaa shingoni siku zote, hata sikukuu, akaulaza juu ya njia waliyopita jana, Kisumu hadi Asembo, akaubana kwa kucha.

"Hii tumeshaitembea," akasema. "Tunajua ilituchukua muda gani."

Akaupeleka urefu ule kwenye njia ya mbele. Wakifuata ufuko, kama Walter alivyozoea, wangechelewa. Wakikata moja kwa moja wangewahi, ila katikati pana miamba. Lakini miamba yote ilikuwamo kwenye karatasi ile, maana ndiyo ramani aliyoichagua.

"Nyasaye, Mungu wangu!" Walter akasema. "Haya, twende. Wewe Mzee soma, mimi nashika usukani."

Baba akakaa mbele, ramani magotini, akisoma na kutapika, akitapika na kusoma: kulia, kushoto, shika hapo hapo. Wakaipita rasi jua halijafika utosini. Upepo wa mchana ulipogeuka ukawa rafiki, ukawapeleka kaskazini hadi Usenge. Mama alimfuta Baba mdomo kwa ncha ya mtandio wake, bado amenuna.

Nanima hakuweza kuinua kichwa. Seline, jirani aliyekuwa akimuuguza, alimwambia mgeni wake amefika. Nanima akafumbua macho, akamtazama mwanawe.

"Khairu," akasema, "umekula?"

Mama alikuwa amekula mkate mashuani. "Bado, Mama," akajibu.

Nanima akataka aketishwe. Seline akaleta wali na dengu. Yule bibi akachota kwa mkono wake, akamlisha mwanawe, nusu ya wali ikimwagika kitandani. Alikataa kusaidiwa. Alimlisha hivyo hadi akachoka, akalala, na alfajiri hakuamka. Wakamzika pale pale Usenge.

Mama alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, lakini aliniambia hakuwahi kushiba kama siku ile.